Mwamba Mzuri

Kesi ya Walubengo ilikuwa na swali moja tu. Nyapara huyu alisema kwa simu kwamba mwamba ni mzuri, na mwamba huo huo ukawaangukia watu wawili ukawaua. Je, alisema uongo? Inspekta wa polisi aliyeendesha mashtaka alisema ndiyo, tena uongo wa mvivu anayetaka kazi iishe mapema. Hakimu akikubaliana naye, Walubengo angefungwa.

Elphas Murunga alijua kwamba Walubengo hakusema uongo. Alikuwa na ushahidi, na aliamini kuwa ushahidi uliopangwa sawasawa hauhitaji kuombewa.

Handaki lenyewe lilikuwa la maji. Mwaka ule wa 1951 Eldoret, ambao wazee wengi bado waliuita Sistifoo kwa namba 64 ya shamba ulipoanzia, ulikuwa umekua hata mto wake haukuutosha. Kampuni moja ilipewa kazi ya kutoboa kilima upande wa Plateau ili maji ya mto wa ng'ambo yaje mjini yenyewe, bila pampu. Injinia wa kazi alikuwa Bwana Hallam, Mwingereza mrefu, mpole kwa kadiri wenzake walivyokuwa wapole, aliyezungumza Kiswahili kile cha mashambani ambacho Wazungu waliwafundishia wapishi wao. Murunga, kijana wa Kabras aliyemaliza masomo katika misheni na kujifunza upimaji, alikuwa msaidizi wake. Walubengo, Mbukusu wa makamo, alikuwa nyapara wa wachimbaji.

Hallam alikuja na jedwali. Alilitoa katika kitabu cha Kimarekani, akalifupisha mwenyewe na kulibandika katika kibanda kilichokuwa mdomoni mwa handaki. Jedwali liligawa miamba katika madaraja matano. Mwamba mgumu usio na nyufa ulikuwa wa kwanza, na haukuhitaji nguzo. Wa pili ulikuwa mgumu wenye nyufa chache, ukawekewa nguzo hapa na pale. Wa tatu ulikuwa umekatikakatika kama matofali. Wa nne ulikuwa laini au uliopondeka, na huo ulitakiwa kuegemezwa nguzo mfululizo na kuezekwa mbao juu. Ukiona wa tano, unaovimba au kusukuma, unasimamisha kazi na kumwita injinia. Pembeni mwa kila daraja Hallam aliongeza neno moja la Kiingereza la kurahisisha: mawili ya kwanza aliyaita mazuri, la tatu la kadiri, mawili ya mwisho mabaya.

Jedwali lilikuwa na faida, na Murunga hakuwahi kulikana hata baadaye. Kabla yake, nguzo ziliwekwa kwa hofu au kwa ujasiri. Jiwe likimgonga mtu bega, wiki nzima kila mmoja alitaka mbao. Wiki mbili zikipita kwa amani, hakuna aliyezitaka, na miti ilioza nje. Baada ya jedwali, watu walibishana juu ya nyufa, na nyufa zinapimika. Kila asubuhi moshi wa baruti ukishatoka, Murunga aliingia mpaka mwisho wa handaki na taa, rula na nyundo. Aligonga, akasikiliza, akapima nafasi kati ya ufa na ufa, akatamka daraja. Lori la mbao lilipoondoka kiwandani, idadi ya nguzo ilikuwa tayari inajulikana.

Wachimbaji walimwita Daktari wa Mawe.

"Nyamazeni," Walubengo aliwaambia akimwona anainua nyundo. "Daktari anasikiliza moyo."

"Daraja la pili, Mzee," Murunga alisema.

"La pili? Mimi kule misheni walinifukuza bila hata la mwisho. Kumbe jiwe limenishinda masomo."

"Jiwe halikutoroka shule, nyapara," mmoja alimjibu kutoka nyuma, na kicheko kikaenda mpaka kwenye mashine.

Hakuna aliyewahi kuwauliza wachimbaji wenyewe wanauonaje mwamba. Haikuhitajika. Murunga alikuwa na nyundo.

Katikati ya kilima jiwe lilibadilika. Chini ya lile gumu la kijivu kulikuwa na tabaka la majivu ya volkano yaliyogandamana zamani, rangi ya kahawia, laini kiasi cha kukatika kwa panga. Halikuwa na nyufa. Likifunuliwa tu lilisimama wima, safi, kama ukuta uliopigwa lipu. Murunga alichukua kipande akakitia ndani ya kopo la maji dirishani. Jioni kopo lilikuwa na uji. Alimpelekea Hallam.

Hallam aliligeuza kopo, akatazama. "Umefanya vyema kuangalia," alisema kwa Kiingereza. "Lakini jedwali haliulizi kuhusu kopo. Mwamba huu ni laini, kwa hiyo ni daraja la nne, na la nne linapata mbao mfululizo. Hata ukigeuka uji, mbao zipo."

Murunga aliona jibu hilo ni sahihi. Lilikuwa sahihi, mradi anayetazama mwamba na anayetamka daraja awe mtu mmoja.

Mwezi wa Mei, watu wa bodi walitaka michoro mipya. Hallam alimhamishia Murunga kwenye ofisi ya mjini akachore. Kazi ya kutazama mwamba haikupewa mtu. Kulikuwa na simu kati ya ofisi na kibanda cha handaki, na Hallam aliona simu inatosha. Kila asubuhi alizungusha mkono wa simu, na Murunga, akiwa ameinamia meza ya kuchorea, alisikia upande mmoja wa mazungumzo na sauti nyembamba ya upande wa pili.

"Jambo, nyapara. Mawe ya leo mzuri?"

"Mzuri, bwana! Mzuri sana!"

"Kama jana?"

"Jana si kitu, bwana. Leo ndiyo mzuri kabisa. Vijana wanaimba."

Hallam alicheka, akadhani lile la kahawia limekwisha, akaandika daraja la pili. Siku iliyofuata sauti ilikuwa na furaha zaidi, akaandika la kwanza. Lori la mbao likatumwa kwenye daraja la mto lililokuwa likijengwa ng'ambo.

Mvua za Mei zilikuwa zimeanza. Maji yalipita kwenye nyufa za jiwe gumu la juu na kulifikia lile la kahawia. Ijumaa, mchana, dari liliteremka lote kwa pamoja bila kutoa mlio. Lilimfunika Kiptoo, kijana wa Plateau aliyekuwa akizoa vifusi, na Kituyi, aliyekuwa mwana wa dada yake Walubengo na aliyeletwa kazini na mjomba wake mwenyewe. Walitolewa Jumapili. Jumatatu Walubengo alikamatwa.

Murunga alirudishwa kambini kupima lililoanguka. Sehemu ilizungushiwa mbao, na wachimbaji walitumwa upande wa pili wa kilima, kwenye jiwe gumu. Kipkorir, mmoja wa watoboaji, alikuwa ameketi juu ya sanduku akipuliza vidole.

"Mwamba gani hii, karani?" alisema. "Mbaya sana. Tangu asubuhi nimetoboa shimo moja na nusu. Mashine inaruka kama mbuzi."

Murunga aliutazama ukuta. Ulikuwa wa daraja la kwanza, mwamba bora kuliko wote aliouona kilimani. "Huu ndio mbaya?"

"Sasa utaita nini? Hapa mtu atalala na mashimo yake. Ile ya kule ndiyo ilikuwa mzuri. Ilikuwa inakula chuma kama kiazi ya kuchemsha. Saa saba umemaliza kipimo chako, uko nyumbani."

Kila mtoboaji alikuwa na kipimo chake cha mashimo. Akikimaliza, siku yake imekwisha. Murunga alilijua hilo tangu alipoajiriwa, na hakuwahi kulihusisha na neno lolote.

Alichukua jiwe moja gumu na moja la kahawia, akaenda nyuma ya kibanda cha kompresa, akawaita watoboaji mmoja mmoja ili mtu asisikie jibu la mwenzake. Aliwauliza swali moja bila kuongeza: mwamba mzuri ni upi? Wote walionyesha la kahawia. Mmoja aliuliza kama karani anaumwa.

Alimpelekea Hallam habari hiyo. Injinia aliwasha kiko, kikazima.

"Kwa hiyo nilimuuliza kama ni mzuri," alisema mwishowe, "naye akaniambia ni rahisi kutoboa."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa siku tatu."

"Ndiyo."

"Basi liseme mahakamani. Mimi nitasema nilichosikia kwenye simu. Siwezi kusema zaidi ya nilichosikia."

Murunga aliridhika. Hakutaka Hallam aseme zaidi.

Nanzala, mke wa Walubengo, alikuja kambini kutoka upande wa Chepsaita, kwenye shamba la Mzungu alikokuwa akifanya kazi ya mahindi. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye sauti ya chini. Alimkuta Murunga ofisini na hakukubali kiti.

"Karani, watamfunga?"

"Hapana, Mama. Nimepata ushahidi."

"Wa nini?"

"Wa neno. Mzee hakusema uongo. Neno ‘mzuri’ kwa watoboaji ni jiwe laini, kwa injinia ni jiwe gumu. Kila mmoja alisema kweli yake."

Nanzala alifikiri. "Mchungaji wetu yuko tayari kuja. Atasema Walubengo hanywi, hapigi mtu, na Kituyi alimlea tangu akiwa mdogo. Atasema ni mtu mjinga wa mawe, aliulizwa kitu asichokijua akajibu. Mwenyewe pia anataka kusema hivyo. ‘Mimi sikusoma, bwana hakimu, nilidhani ni mzuri.’ Basi."

"Hiyo ni kuomba huruma," Murunga alisema. "Huruma hakimu anaweza kutoa au kunyima. Hili ni jambo linaloonyeshwa. Mchungaji asijisumbue na safari. Na umwambie Mzee aseme kweli yote, maana yake hasa aliposema mzuri."

"Wewe ndiye umesoma," Nanzala alisema. Haikujulikana kama ni sifa.

Chumba cha mahakama kilikuwa na madirisha marefu na harufu ya polishi. Wachimbaji walijaa nyuma wakiwa wamevua kofia. Mkalimani alikuwa mtu wa Mombasa, mzee nadhifu, na Kiswahili cha wachimbaji kilimtia uchungu usoni. Inspekta alipomuuliza neno mzuri lina maana gani, alijibu kwamba lina maana ya chema, kisicho na kasoro. Alipoulizwa kama linaweza kuwa na maana ya laini, alisema kwamba watu wa bara wanaweza kusema lolote, lakini hicho si Kiswahili.

"Ni nini basi?" hakimu aliuliza.

"Ni kelele za kazini, Mheshimiwa."

Hallam alisema alichosikia. Aliulizwa kama aliwahi kuwa na sababu ya kutomwamini nyapara, akasema hapana. Aliulizwa kama alikwenda kuutazama mwamba mwenyewe siku hizo tatu, akasema hapana, taarifa zilikuwa nzuri. Kwa Kiingereza chake pia lilikuwa neno lile lile, na hakuna aliyemwambia alieleze.

Walubengo alisimama akiwa na suruali ya kazini iliyofuliwa. Alisema kweli yote, kama alivyoshauriwa.

"Niliposema mzuri nilikuwa na maana chuma kinaingia. Bwana aliuliza mzuri, nami nikasema mzuri. Kama angeuliza utaanguka, ningemwambia mimi si Mungu."

Nyuma mtu alicheka, akanyamazishwa. Inspekta alisema hizo ni hadithi zilizotungwa rumande.

Ndipo Murunga alipoitwa. Aliweka mawe yake mawili juu ya meza. Alieleza kipimo cha mashimo, akaeleza jinsi alivyowauliza watoboaji kila mmoja peke yake, na jinsi wote walivyojibu namna moja. Hakupandisha sauti. Mkalimani hakuhitajika, kwa kuwa alisema Kiingereza, na alikisema vizuri. Hakimu alikuwa mtu makini. Alitoa kisu kidogo mfukoni akalikwaruza jiwe la kahawia, na unga ukamwagika juu ya karatasi zake. Akalikwaruza lile gumu, na kisu kikateleza.

"Nimekuelewa," alisema. "Mkalimani wa mahakama anajua Kiswahili, lakini wewe unajua handaki. Ninakubali ushahidi wako."

Kule nyuma wachimbaji, ambao hawakuelewa Kiingereza ila waliona kichwa cha hakimu kikiinama, walianza kunong'onezana. Nanzala alikuwa amemkazia macho Murunga.

"Kwa hiyo," hakimu aliendelea, "mshtakiwa aliposema mwamba ni mzuri, alikuwa na maana kwamba ni laini."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Huna shaka."

"Sina."

"Hakuwa akikisia tu, kama mtu asiyejua mawe."

"Hapana. Watoboaji wanalijua jiwe hilo kwa mikono yao."

"Basi alijua ni laini."

Murunga alikuwa amekwisha kufungua mdomo kujibu. Aliona swali linaelekea wapi, na akaona pia kwamba njia yote lililopitia aliifyeka yeye.

"Alijua ni laini kutoboa, Mheshimiwa."

"Sikuuliza laini kwa kazi gani. Alijua?"

"Alijua."

"Jedwali la injinia linasema mwamba laini uwekewe mbao mfululizo. Lilibandikwa wapi?"

"Mdomoni mwa handaki. Lakini kwa Kiingereza."

"Wewe ulikuwa ukimtamkia daraja kwa Kiswahili kila asubuhi. Uliwahi kumwambia kwamba laini ni daraja la nne?"

"Niliwahi. Tulipolikuta mara ya kwanza."

"Na aliona mbao zikiwekwa?"

"Aliona. Lakini hakuulizwa kama ni laini, Mheshimiwa. Aliulizwa kama ni mzuri."

"Umenithibitishia wewe mwenyewe, na kwa ufundi mkubwa, kwamba kwake ni neno moja."

Murunga alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Alijaribu kupanga upya. "Kuna jambo lingine. Mwamba huu siku ya kwanza husimama. Hauna ufa hata mmoja. Hulegea baada ya kukutana na maji na hewa. Mtu anaweza kujua ni laini bila kujua kwamba utaanguka. Hayo ni mambo mawili. Nilifanya jaribio kwa kopo."

"Jedwali linasema hivyo?"

"Jedwali halisemi. Jedwali hutaja mwamba ulivyo saa ile unapotazamwa. Halina mahali pa kuandika utakavyokuwa Ijumaa. Huo ndio upungufu wake."

"Jedwali haliko kizimbani," hakimu alisema.

"Na daraja hutolewa na aliyeuona mwamba kwa macho. Halitolewi kwa simu."

Inspekta alisimama. "Shahidi anamshtaki mwajiri wake?"

Hallam alikuwa akiangalia dirisha. Murunga alitafakari swali hilo kama alivyotafakari maswali yote. "Ninaeleza jinsi jedwali linavyotumika," alisema.

"Asante," hakimu alisema. "Umekuwa shahidi wa msaada mkubwa."

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Miezi kumi na minane. Mkalimani aliitafsiri kwa Kiswahili safi, na wachimbaji walielewa namba na neno ‘alijua’, basi. Walubengo alitazama nyuma, akamtafuta mkewe, kisha akamwona Murunga. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayengoja kuelezwa. Askari akamgusa bega, wakatoka kwa mlango wa pembeni.

Nanzala alimkuta Murunga kwenye ngazi za nje. Alikuwa na furushi la nguo alizomletea mumewe. Askari walilikataa. Lori la kwenda Turbo lilikuwa limesimama ng'ambo ya barabara, likipakia magunia matupu.

"Yule mzee wa Mombasa amesema maneno mengi kama msahafu," Nanzala alisema. "Nieleze wewe. Hakimu amesema nini?"

Murunga angeweza kufupisha. Hakufupisha. "Amesema kwamba kama mshtakiwa angekuwa amekosea tu, kama mtu asiyesoma aliyedhani mwamba ni mwema, mahakama ingemwona kuwa ni mjinga, si mkosaji, na ingemwachilia. Lakini shahidi mmoja, mwenye akili na mkweli, amethibitisha kwamba mshtakiwa alijua mwamba ni laini. Aliyejua na hakusema, amewaua wale wawili kwa uzembe."

"Huyo shahidi mkweli ni wewe."

"Ni mimi."

"Na mchungaji ulisema asije."

"Nilisema."

Nanzala aliliweka furushi chini. Mtu mmoja alipita kati yao na baiskeli, akaomba radhi, wakampisha.

"Kama mchungaji angekuja," alisema, "na Walubengo akasema sikusoma bwana, na wewe ukakaa kule Plateau na mawe yako?"

Kulikuwa na majibu mawili au matatu ambayo mtu mwingine angeyatoa. Angesema mahakama ya Mzungu ingemfunga tu. Angesema ni Mungu ajuaye. Murunga aliyapima, akaona hayana uthibitisho.

"Pengine leo ungerudi naye," alisema.

"Pengine?"

"Kwa maneno ya hakimu mwenyewe, karibu na hakika."

Nanzala aliinamisha kichwa polepole, kama anayekubali bei ya kitu. "Afadhali umenijibu. Sasa nijibu lingine. Nikifika nyumbani Kimilili, dada yake Walubengo ananingoja. Mama yake Kituyi. Tangu msiba amekataa kusema na watu wanaomsingizia kaka yake. Aliwafukuza wazee matangani. Alisema, ndugu yangu hakujua. Ndugu yangu hawezi kujua halafu amwingize mwanangu. Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Alijua mwamba ni laini. Hakujua kwamba utaanguka."

"Hayo ni mambo mawili?"

"Ni mawili, Mama."

"Kwako. Umesoma, una nyundo, una kopo la maji. Hakimu naye amesoma, na umemwonyesha mawe yenyewe mezani, na ameona jambo moja. Yule mama atasikia neno gani? Atasikia alijua. Atashika hapo hapo, wala hatanisikiliza tena."

Murunga alitafuta namna ya kulisema ili lile la pili litangulie. Kila alipoligeuza, ‘alijua’ lilibaki ndani yake.

"Usiseme lolote basi," alisema. Lilikuwa shauri la kwanza maishani mwake la kumficha mtu jambo la kweli, na alilitoa vibaya, kwa haraka.

"Wachimbaji wanaotoka Kimilili wamesikia. Mkalimani amesema kwa sauti. Watafika kabla yangu." Aliinama akachukua furushi. "Njoo wewe umwambie. Wewe ndiye mwenye neno."

"Kesho niko kazini. Handaki halina mtu mwingine wa kutoa daraja, na Bwana Hallam hataki tena simu."

"Eeh. Sasa hataki."

Turniboi alipiga bodi ya lori kwa kiganja akiwaita wa Turbo, wa Turbo mwisho. Nanzala alivuka barabara. Alimpa kijana furushi, akashikwa mkono akapandishwa, akaketi juu ya magunia akiwa ameupa mji kisogo. Lori lilikohoa mara mbili, likaondoka.

Murunga alisimama ngazini mpaka Hallam alipotoka. Injinia alimwambia gari liko tayari, na kwamba amefikiria jambo: jedwali liandikwe upya, neno mzuri liondolewe kabisa, na pawe na safu ya muda ambao mwamba unaweza kusimama bila nguzo, pamoja na ile habari ya kopo. Aliuliza kama Murunga angeweza kuwa nalo tayari kufikia Jumatatu.

Lilikuwa wazo la maana. Murunga alilichunguza pande zote na hakuona kosa ndani yake.

"Litakuwa tayari," alisema.